Jalada la Mtu Asiyeogopa Mtu

Kabla ya safari ya Rukanga, kundi letu la chuo hapa Voi lilikuwa limekubaliana jambo moja: Obadiah lazima aonekane mtu asiyeogopa mtu. Jarida letu la hip-hop, kazi ya muhula mzima, lingeitwa Vumbi, na yeye ndiye angekaa kwenye jalada. Katika kundi zima hakukuwa na msanii mwingine.

Obadiah alilihitaji jalada hilo kuliko sisi tulivyohitaji alama. Kila Jumamosi akipanda jukwaani mjini, Hillary, anayewaita wasanii, humtambulisha hivi: "Na sasa, mtoto wa nyanya. Kijana, umeaga nyumbani?" Watu hucheka mpaka mstari wake wa kwanza unapotea. Ni kweli alilelewa na nyanya yake, lakini si jambo la kutangazwa kwa spika.

"Jalada likitoka, atanyamaza," aliniambia. "Mkamburi, nifanye mkubwa."

Mimi ndiye mpiga picha, kwa sababu mpiga picha halazimiki kuongea. Nilimweleza tulivyofundishwa darasani: kamera ikiwekwa chini, anayesimama juu yake huonekana mwenye nguvu. Mark, mhariri wetu, akaongeza yake. Kofia ya sweta ifunike nusu ya macho. Cheni. Uso wa hasira. Nyuma, ukuta uliochakaa. Ukuta pekee wa Voi uliofaa ulikuwa umepakwa rangi mpya wiki hiyo, ndipo Obadiah akasema kijijini kwao Rukanga kuna mlima Kasigau, na mwamba wake unatisha kuliko ukuta wowote.

Tulimkuta Nyanya Teresia uani, amevaa viatu vyeusi vya kanisani, vinang'aa. Hakuna aliyekuwa amemwalika kwenye picha.

Obadiah alivaa cheni, akakunja uso. Nikalala vumbini, lenzi ikimtazama kutoka miguuni. Nilikuwa karibu kubonyeza, Nyanya akaja na kikombe cha maji.

"Nani amekukosea?" akamwuliza.

"Hakuna, Nyanya. Ni ya picha."

"Unaanza kazi na uso kama huo? Piga magoti."

"Nyanya, kuna watu."

"Nimewaona. Hamjambo, wanangu. Piga magoti."

Kwetu Wadawida, mtu akianza jambo kubwa, mzee wa nyumba humtasa: hutia kinywaji mdomoni, hukipuliza nje kama manyunyu, na kusema maneno ya kutoa hasira moyoni, maana baraka haikai penye hasira. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Nyanya, kiongozi wa akina mama kanisani, hutumia maji. Obadiah akapiga magoti. Nyanya akaivuta ile kofia nyuma kama anayefunua sufuria, akapuliza. Matone yakashika jua. Nilikuwa bado nimelala, na kidole kikabonyeza chenyewe.

"Haya," akasema. "Hasira imetoka. Usiirudishe."

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mark alijaribu kila njia. Alimwambia Obadiah amfikirie Hillary. Obadiah akakunja uso, akamwona nyanya yake ameketi kwenye kigoda akiilinda baraka yake, akakunjua. Kila picha iliyofuata ilikuwa ya kijana mpole, amevaa cheni kama anayemshikia mtu mwingine.

Tuliporudi chuoni, Mark alizipitia zote kwenye kompyuta. "Inayofaa ni ile ya magoti tu," akasema.

"Ifute," Obadiah akaniambia. "Hillary atanimaliza."

Sikuweza kuifuta, na kubishana pia siwezi. Nikamgeuzia skrini. "Itazame kwanza."

Akaisogelea skrini. Nyanya alijaa mpaka juu ya picha, mwamba ukaonekana mdogo nyuma yake.

"Lenzi iko chini," nikasema. "Anayesimama juu ndiye mwenye nguvu. Si ndivyo tulivyosema?"

"Sasa mimi niko wapi?"

"Wewe uko upande wake."

Akakohoa, akapangusa jicho, akasema ni vumbi la Rukanga. "Iweke basi. Lakini Hillary akicheka, utapanda jukwaani unitetee."

Hofu hiyo ilinitosha wiki nzima. Jina la jarida halikupata nafasi isipokuwa chini kabisa, tukaliweka hapo. Kisha tukaandika uchambuzi wa kueleza jinsi tulivyoyapanga kwa makusudi matone, magoti na mwelekeo wa jua. Mwalimu aliandika pembeni: "Inaonekana mlifikiri sana."

Jumamosi, Hillary alipanda na jarida mkononi. "Na sasa, mtoto wa..." Akalitazama jalada. Akashusha maikrofoni, akamwinamia Obadiah. Mimi nilikuwa mbele na kamera, nikasikia.

"Huyu nyanya yuko Rukanga siku zote? Jumatatu nina mahojiano ya kazi."

"Utavua kofia," Obadiah akamjibu.

Mstari wake wa kwanza ulisikika mpaka barabarani.

Tulikuwa bado nyuma ya jukwaa simu ya Obadiah ilipolia. Aliipokea, akasikiliza, akanisukumia haraka.

"Ni Nyanya. Amepata jarida lake. Anataka kujua kwa nini tumeandika Vumbi juu ya viatu vyake vya kanisani."

"Mwambie."

"Mwambie wewe," akasema, akirudi nyuma. "Mimi namwogopa."