Nyama Yako, Mifupa Yangu

Dokta Kawthar aliusomea woga wa watoto mpaka ukampa kazi chuo kikuu, na sasa ulikuwa karibu kumpa uprofesa. Darasani hakuna alilolichambua kwa hasira kama ile kauli ya wazazi wanapomkabidhi mtoto kwa mlezi: "Nyama yako, mifupa yangu." Yaani mchape utakavyo, ila usimvunje. "Ujinga uliovaa kanzu," aliwaambia wanafunzi wake, nao wakacheka.

Lakini adabu nayo ina ulimi wake. Alipokwenda Makunduchi kwa utafiti, alimwacha mwanawe Khelef, mtoto wa miaka saba, kwa kaka yake Mahfoudh, mtaa wa Mkunazini mjini. Kaka ni mkubwa, na mbele ya mkubwa mtu husema linalosemwa. Kawthar akacheka kidogo, akasema, "Haya kaka, nyama yako, mifupa yangu." Msomi mzima! Akapanda gari, akaenda zake kuwauliza watoto wa watu wanaogopa nini.

Alirudi kabla ya siku aliyoahidi. Chini ya ngazi alisikia bakora. Hakusikia kilio, na hilo ndilo lililomkata maini, kwani alijua mtoto asiyelia ni mtoto aliyefundishwa kunyamaza. Akapanda mbio, viatu vikabaki njiani.

Khelef alikuwa amekunjwa juu ya kasha, shati limegandana na mgongo kwa damu.

"Kaka, mwache!"

"Kikojozi huyu, kila siku godoro," Mahfoudh alisema huku akihema. "Nnamnyoosha."

"Mwache, nakwambia!"

"Si mwenyewe ulonambia nyama yangu? Nlikulazimisha?" Akainua bakora tena.

Kando ya mlango palikuwa na kinu. Kawthar akachomoa mchi, akampiga kaka yake mkononi. Mfupa ukalia, bakora ikaanguka. Angeishia hapo. Mtu mwingine yeyote angemwambia aishie hapo. Akampiga begani, akampiga gotini, akampiga mdomoni alipokwisha kuanguka na kuomba kwa jina la mama yao. Jino likaruka. Naye alifurahi. Tusimsingizie umalaika, alifurahi, na kila pigo lilimwonjesha utamu wa kutaka jingine.

Alipochoka mikono, Mahfoudh alikuwa amejikunyata sakafuni akigugumia, damu ikimtoka mdomoni. Kawthar akamgeukia mwanawe.

"Njoo, baba. Mama nshakuja. Yamekwisha."

Khelef hakuja. Alisimama wima ukutani, akanyoosha viganja vyote viwili mbele yake kama alivyozoezwa, macho yake kwenye mchi ambao mama yake alikuwa bado ameushika.

"Usinipige kwa huo, mama," alisema kwa adabu. "Bakora ya mjomba ile pale."