Mapigo Thelathini na Nane

Godelive alikuwa amebandika vidole viwili ndani ya paja la mbwa, macho kwenye saa ya ukutani, midomo ikihesabu bila sauti. Umeme ulikatika tangu asubuhi na mashine ya kupima moyo ilikuwa imezimika, kwa hiyo utafiti mzima wa Docteur Melchior ulitegemea vidole hivyo. Hakuwa mtu wa kuhesabu robo dakika akazidisha. Alihesabu dakika nzima, akaandika kwa kalamu ya bic ya bluu mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, kisha ndipo akanakili kwenye karatasi. Miaka kumi na moja katika kliniki hii ya wanyama ya Butembo alifanya vivyo hivyo, na wenzake walimtania kwamba mkono wake ni daftari.

Mbwa aliitwa Kawa. Godelive mwenyewe ndiye aliyemwomba kwa mzee Kitsa, jirani wa mama yake kule Kalunguta: Docteur anataka kujua dawa ya usingizi inaufanya nini moyo, sindano mbili tu, jioni mbwa anarudi. Kitsa alikubali kwa sababu ni Godelive aliyesema. Kawa ndiye aliyefukuza nyani kwenye mahindi yake, na mzee hakuwa tena na miguu ya kuwakimbiza. Alimvua mbwa kengele ya mbao shingoni, akabaki nayo.

Kabla ya sindano, mapigo tisini na sita. Baada ya sindano ya kwanza, sitini. Baada ya ile ya pili fizi zikawa nyeupe, na kati ya pigo na pigo Godelive akaanza kuogopa.

"Docteur, trente-huit," alisema. Thelathini na nane.

"Ni dawa iko natumika, Mama Gode. Tupige ya tatu."

"Tulisema mbili! Moyo yake iko nachoka."

"Docteur ni mimi ao ni wewe?"

Godelive akarudisha vidole pajani. Sindano ya tatu ikaingia. Alihesabu hadi kumi na mbili, kisha hakukuwa na cha kuhesabu. Melchior akasukuma kifua, akachoma dawa ya kuamsha moyo, jasho likamtoka. Kawa hakurudi.

"Enda unawe mikono," docteur alisema bila kumtazama, ameinama mezani na kalamu. "Ule muzee iko njiani."

Akipita mezani aliiona karatasi. Tatu yake ya bluu ilikuwa imezibwa kwa wino mweusi, 38 imekuwa 88. Sindano ya tatu haikuandikwa popote. Sahihi ilikuwa ya Godelive mwenyewe. Basi dawa haina lawama, haikuushusha moyo, na kama mbwa amekufa, mwenye kosa ni aliyehesabu asione kitu. Na huyu ndiye mtu aliyemwombea kanisani apate shahada yake ya doctorat! Hakwenda kunawa.

Kitsa alikuwa tayari mlangoni, kengele mkononi. Docteur akamwendea na karatasi, sauti ya kilioni.

"Pole sana, Papa. Imbwa yako ilikuwa na ugonjwa ya moyo ya zamani. Angalia, Mama Gode mwenyewe ndio alihesabu, quatre-vingt-huit, themanini na nane. Hakuona kitu."

"Hapana," Godelive akasema, akanyoosha mkono wa kushoto. "Soma hapa, Papa Kitsa. Ilikuwa trente-huit. Nilimwambia, lakini akapiga ingine."

Mzee aliushika ule mkono, akausoma polepole, akauachia.

"Kumbe uliona inakufa," alisema. "Na ulibaki umeikamata."

Ilikuwa kweli. Kitsa alimfunga Kawa kwenye gunia, akambeba mwenyewe hadi kwenye pikipiki iliyomleta. Hakuaga mtu.

Ndipo Godelive akaivuta karatasi mikononi mwa docteur. Chini ya ile 88 aliandika kwa herufi, si kwa tarakimu: trente-huit. Troisième injection, sindano ya tatu. Akasaini tena.

"Kesho hapana kuja hapa," Melchior alisema.

"Sawa. Ngoja nimalize."

Akaandika saa ya kifo, akaikunja karatasi, akaisukuma ndani ya kitenge chake. Alipotoka, pikipiki ilikuwa imekwisha kuondoka.