Mtandao Uitwao Kwetu Raha

Mvumilivu hula mbivu, lakini mchapaji alivumilia siku tatu na hakuna kilichoiva. Kila alasiri, saa tisa na dakika chache, waifai ya mwenye nyumba ilikatika wakati yuko katikati ya kutuma kazi, ikarudi baada ya robo saa kana kwamba ilitoka kumsalimia jirani. Siku ya nne, Alhamisi, alimfikisha binti yake shuleni, akaficha laptopu ndani ya mfuko wa nguo asiwatamanishe vibaka, akaenda kwa fundi.

Kwa fundi palikuwa na meza moja, taa ya kupinda na kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi, na wateja walimvumilia kwa sababu vitu vyao vilipona.

"Una programu mbili za waifai humu, dada," alisema baada ya kubofya hapa na pale. "Moja imo ndani ya mfumo wenyewe, kila kompyuta inayo. Nyingine imewekwa na kampuni iliyotengeneza laptopu. Zote zinataka kuamuru, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Chagua."

"Mimi nitajuaje? Nataka isikatike tu."

"Basi nitoe hii ya kampuni. Imepewa orodha, na juu kabisa kuna mtandao mmoja. Ikiusikia huo tu, inaacha ulionao na kuukimbilia. Aliyeipanga hivi anaijua kazi."

Aliyeipanga alikuwa mumewe, ambaye riziki yake ilikuwa kufunga mitandao maofisini. Mchapaji hakulisema hilo. Hakuwa na mazoea ya kumtaja.

"Tena inaandika kila kitu," fundi aliendelea, akisogeza kidole kwenye kioo. "Jumatatu, saa tisa na dakika kumi, Kwetu Raha, mstari mmoja wa nguvu. Jumanne, saa tisa na robo, Kwetu Raha, mistari miwili. Jana, mitatu. Jirani yako kaupa mtandao wake jina zuri."

Mchapaji akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Kwetu Raha ulikuwa mtandao wa nyumba aliyoikimbia miezi minne iliyopita, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mumewe ndiye aliyeupa jina hilo walipohamia, siku ambazo raha ilikuwepo kweli. Baadaye ilibaki kwenye jina. Asubuhi ya mwisho alimwambia, huku ananawa mikono taratibu, "Wewe nenda. Mtoto wangu nitamfuata popote." Hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno. Alikuwa mtu wa kutimiza, na hilo ndilo lililomwogopesha mkewe.

"Waifai inaweza kutembea?" aliuliza.

"Haina miguu. Labda mtu aichukue rauta yake, kile kisanduku kinachorusha waifai, aiwashe ndani ya gari." Fundi alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka.

"Na mwenye rauta anaona nini?"

"Anaona kila kinachojiunga. Jina la kompyuta yako, saa uliyoingia, kama uko mbali au karibu." Akaigeuza laptopu imwelekee. "Dada, hii laptopu imekuwa ikimpigia mtu hodi siku tatu."

Mstari mmoja, miwili, mitatu. Na saa tisa ndiyo saa ambayo shule za mtaa ule hutoa watoto.

Fundi aliing'oa programu ya kampuni, kisha akafuta nywila ya Kwetu Raha isibaki hata kwenye ile ya mfumo. "Sasa ukipita utauona, lakini laptopu haitauitikia. Wewe utamwona, yeye hatakuona. Ila usikae peke yako."

Mchapaji alimpigia simu dada yake akiwa njiani. "Mdogo wangu, usilale hapo," dada alisema. "Panda basi la jioni. Nitakupokea." Mchapaji akapitia shuleni, akamdanganya mwalimu kwamba mtoto ana miadi kwa daktari, na kufikia saa nane walikuwa chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Akaanza kupanga nguo. Chini ya sanduku akaikuta tableti ya mtoto, ambayo haikuwa imewashwa tangu wahame. Ilikuwa na chaji kidogo. Alimpa aangalie katuni za zamani, mradi asipige kelele.

Saa tisa na dakika ishirini aliifungua orodha ya mitandao kwenye laptopu. Mtandao wa mwenye nyumba. Wa duka la dawa. Kisha, chini yake, Kwetu Raha, mstari mmoja.

Ukawa miwili. Ukawa mitatu. Alisikia gari likija polepole kama la mtu anayesoma namba za nyumba, akajiziba mdomo kwa kiganja. Laptopu ilibaki palepale kwenye waifai ya mwenye nyumba, haikuitikia. Gari likapita. Mistari ikashuka, miwili, mmoja, na mchapaji akavuta pumzi ndefu, akamwombea fundi maisha marefu. Ujanja wote ule wa mumewe, umeshindwa na programu ya bure ambayo kila kompyuta inayo. Alitabasamu, mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama," binti alisema kutoka kitandani, "zimekuja katuni mpya."

"Zimetoka wapi?"

"Kwenye waifai ya baba. Imejiunga yenyewe."

Mchapaji aligeuka kuitazama laptopu. Mistari ilikuwa miwili tena. Ikawa mitatu, ikawa minne, na nje ya geti injini ya gari ikazimwa.