Taa Hazizimwi

Chingamu iliyokauka haikubali sabuni, hukwanguliwa. Mfagizi alikuwa amepiga magoti kati ya safu mbili za viti, kisu butu mkononi, meneja wa sinema alipotokea mlangoni na kumwita kwa kidole.

"Watu wako wanakuja au hawaji?"

"Wanakuja, bosi."

"Wafadhili wakikuta viti vitupu, mimi na wewe hatutaelewana."

Wafadhili walikuwa kampuni ya rangi za nyumba. Bango lao lilifunika ukuta mzima wa sebule ya tiketi: ONYESHO HURU KWA WENYE MAHITAJI MAALUMU. TAA HAZIZIMWI. SAUTI NDOGO. INUKA, TEMBEA, CHEKA UTAKAVYO. Meneja alilikubali bango kabla hajajua watu wa namna hiyo hupatikana wapi. Mkata tiketi ndiye aliyemtoa kwenye tabu. "Si huyu mfagizi ana kaka yake zezeta? Mtume yeye."

Akatumwa. Tangu utoto, kuongea mbele za watu kulimkausha mate. Darasani aliulizwa jibu analolijua, akanyamaza mpaka akachapwa. Lakini alikwenda kwenye kituo cha mazoezi ambako shangazi yake humpeleka kaka, akasimama mbele ya akina mama waliojipanga kwenye mabenchi, akaongea huku akiitazama miguu yao. Taa hazizimwi, alisema. Sauti ni ndogo. Hakuna atakayewafukuza.

"Maneno hayo tumeshayasikia," alisema Mama Pacha. Mabinti zake mapacha hawakuweza kuvumilia kelele. Mlango ukibamizwa tu, wanajing'ata mikono mpaka damu. "Kila tunapokaribishwa, tunatolewa hata viti havijapata joto."

"Nafanya kazi pale mimi mwenyewe. Nikikudanganya, unajua ninapokaa."

Wenzake walicheka. Mama Pacha hakucheka, ila siku ilipofika alikuja, na mapacha wake kawashika huku na huku.

Wafadhili walifika na mpiga picha. Walimchagua Kaka, kwa kuwa alikuwa mkubwa na anaonekana vizuri, mabega kama ya kuli wa gati. Wakamvisha kofia ya njano na kumweka mbele. Kaka hurudia maneno anayoambiwa; ndiyo mazungumzo yake.

"Mmefurahi?" aliuliza mwanamama wa kampuni.

"Mmefurahi," alisema Kaka.

"Haya, semeni asante."

"Semeni asante."

Wafadhili walicheka, mpiga picha akaomba arudie. Kaka alirudia. Shangazi alitazama pembeni.

Kisha filamu ikaanza, na kwa muda mambo yakawa kama alivyoahidi. Ilikuwa katuni ya punda aliyekataa kubeba mzigo. Taa ziliwaka, sauti ilikuwa ya chini kama redio ya jirani. Kaka aliinuka, akaenda mpaka kwenye pazia, akaigusa miguu ya punda, akarudi. Akaenda tena. Hakuna aliyemwambia akae. Shangazi, ambaye hakuwahi kutoka naye hadharani bila kumshika kiwiko, alivua viatu na kukunja miguu kitini. Mama Pacha alikuwa amesinzia, mapacha wake wakifuata katuni mdomo wazi. Mfagizi aliwaona kupitia upenyo wa mlango, akarudi kwenye ndoo yake akijisikia mrefu.

Wafadhili hawakumaliza hata chai. Walikunja bango lao, wakalipakia garini, wakaondoka na kofia zao pia, ile ya Kaka ikiwemo.

Halafu mashine ya ukumbi wa pili ikazimika.

Humo ilikuwa ikionyeshwa katuni hiyohiyo, kwa wateja wa kawaida, na hao walitoka wamevimba. Meneja hakuwarudishia pesa. Aliwafungulia mlango wa ukumbi wa kwanza. "Karibuni huku, viti tele." Wakaingia na bisi zao na watoto wao.

"Hizi taa za nini?" aliuliza mwanamume mwenye miwani ya jua kichwani. "Tumekuja sinema au tumekuja kulazwa?"

"Na huyo njemba anazungukazunguka nini? Mwambieni akae."

"Anatisha watoto."

"Mheshimiwa, subiri kidogo tu," alisema meneja, na akageuka kuelekea chumba cha mitambo. Mfagizi alimkuta kwenye ngazi. Alikuwa bado ameshika dekio.

"Bosi, usizime."

"Nini?"

"Wapo wasioweza giza. Bango lilisema taa hazizimwi."

"Bango liko wapi?"

Mfagizi alitazama ukutani. Palikuwa na alama za gundi tu.

"Wenye bango wameshapata picha zao, wameondoka," alisema meneja. "Hawa wamelipa. Watu wako wameingia bure, na aliyeingia bure hachagui taa. Nenda ukawaambie watulie, au uwatoe taratibu. Si wewe uliyewaleta?"

Alitaka kumwambia kwamba ni yeye meneja aliyemtuma. Maneno yakamkwama palepale yanapokwama siku zote. Meneja akapanda ngazi.

Taa zilizimwa zote kwa pamoja, na sauti ikapanda mpaka ndoo ikatetemeka sakafuni. Kutoka ndani Kaka alilia kwa sauti nzito, ya mtu mzima anayelia kama mtoto. Watu wakafyonza. Mtu akasema, "Mtoeni huyo bwana." Kisha akasikika Mama Pacha, anaita gizani: "Binti wa usafi. Uko wapi wewe? Uko wapi?"

Mfagizi alisukuma mlango. Mwanga wa mchana uliokuwa ukiingia kwenye vioo vikubwa vya sebule ya tiketi ulipita begani mwake, ukalala kwenye zulia mpaka safu aliyokaa Kaka. Kaka aliuona. Kilio kikapungua. Mlango ule una chuma juu kinachouvuta ujifunge; alipouachia aingie, ukajifunga nyuma yake, na Kaka akaanza upya. Aliufungua tena. Safari hii alikaa chini kabisa, mgongo kwenye mlango, miguu ameinyoosha njiani.

"Funga mlango wewe," alisema mwenye miwani.

Mfagizi akaukaza mgongo mlangoni.

Mama Pacha alitokea kwenye mwanga, mapacha amewafunga kanga masikioni. Mmoja mkono wake ulikuwa na alama mbichi za meno. Mwanga ulisaidia kwa giza. Kwa kelele haukusaidia kitu. Aliiruka miguu ya mfagizi, akasimama.

"Najua unapokaa," alisema, akaenda zake. Wengine watatu walimfuata na watoto wao.

Meneja akashuka. "Inuka hapo."

"Nimekaa, bosi."

"Naona umekaa. Inuka."

"Filamu ikiisha."

"Unajua ni wangapi wanalililia hilo koti la kazi ulilovaa?"

Mfagizi alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti, akamnyooshea bila kuinuka. Meneja alilipokea kabla hajafikiri, akabaki nalo mkononi kama mtu aliyeshikishwa nguo za mwenzake mtoni. Akamwita mlinzi.

"Mwondoe."

Mlinzi alimtazama binti aliyekaa chini, akakuna shingo. "Bosi, mimi mwanamke simgusi. Kesho ni kesi, na kesi itaandikwa jina langu."

"Basi shusha shata za vioo vya sebule tukose huo mwanga."

"Shata zikishuka siuzi tiketi," alisema mkata tiketi kutoka dirishani. "Foleni hiyo hapo nje."

Meneja aliitazama foleni.

Kaka alikuja mwenyewe, akiufuata mwanga, mikono mbele. Alikaa kando ya dada yake, nusu ndani nusu nje, akaitazama filamu kutoka hapo. Shangazi alikuja na viatu vyake mkononi, akakaa upande wa pili. Alimtazama mfagizi na blauzi yake iliyopauka.

"Koti lako?"

"Limerudi kwao."

"Na sisi tutakula nini?"

"Sijui, Shangazi."

Shangazi alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema mengi, akamfuta Kaka kamasi.

Punda alipata alichotaka, kama punda wa katuni wanavyopata, na majina yakaanza kupanda kwenye pazia. Wateja walitoka kwa kuwaruka. Mwenye miwani hakuruka vizuri. Ndoo ya bisi ya mwanawe ilipinduka ikamwagika zulia zima, na wenzake nyuma yake wakazikanyaga mpaka zikawa unga.

Mfagizi alisimama, mguu mmoja umekufa ganzi. Alimshika Kaka mkono, wakapita juu ya bisi, zikilia chini ya nyayo.

"Na huu uchafu nani ataufagia?" aliuliza meneja.

Hakugeuka. Meneja akamtazama mkata tiketi. Mkata tiketi akamtazama mlinzi, na mlinzi akapata kitu cha kutazama darini. Foleni ya onyesho linalofuata ilikuwa imeshafika mlangoni, na koti la usafi bado lilikuwa mkononi mwa meneja.