Aliyepewa Jina la Tulimaq

Mbunge wetu, Elijasi Tulimaq, ni babu yangu, na kamasi zake nilizifuta mimi mwenyewe.

Babu Tulimaq wa kwanza, baba yake mama yangu, alizama kwenye barafu mwezi wa Mei akirudi kumchukua mbwa wake aliyekatikiwa na kamba. Wenzake walimwambia, mwache huyo, ni mbwa tu. Hakumwacha. Kabla theluji ya mwaka ule haijaisha, akazaliwa mtoto wa kiume nyumba za mwisho hapa kijijini kwetu Ujarasulik, na mkunga akampa jina la marehemu. Basi, imekwisha. Kuanzia siku ile mama yangu, Ulayuk, akawa anakiita kile kitoto "baba", na mimi, msichana mkubwa ninayejua kupika na kushona, nikawa nakiita "babu". Jina likirudi, mtu amerudi. Hivyo ndivyo tulivyo, na sijawahi kuwa na ugomvi na desturi yetu. Ugomvi wangu ni na babu.

Alidekezwa vibaya. Samaki akikatwa, mashavu ni ya Elijasi. Sili, mnyama wa baharini tunayemwinda, akipasuliwa, kipande cha kwanza cha ini ni chake. Sili wake wa kwanza, ambaye mpaka leo anamtaja kwenye mikutano kama vile alimpiga jana, alipigwa na mjomba wake aliyesimama nyuma yake. Risasi ya Elijasi ilikwenda kuwinda mawingu. Waliokuwepo wote waliona, wakanyamaza kwa ajili ya mama yangu, maana mama aliletewa ini lile akalila huku analia, akisema baba yake ameanza tena kumlisha.

Akaenda kusoma Iqaluit, mji lilipo bunge letu, akarudi na miwani. Akawa meneja wa halmashauri ya kijiji, na katika siku zake gari la maji lilikuwa likianza kwake, kisha kwa shemeji zake, kisha linaharibika. Akahamishiwa ofisi ya nyumba, ambako alikaa mpaka ukungu ukaota kwenye kuta za watu. Kila alipopita aliacha kiti cha moto na kazi ya baridi. Halafu akagombea ubunge.

Kwetu hakuna vyama. Kila mgombea anasimama na jina lake, na Elijasi alikuwa na jina zuri kuliko wote, kwa sababu halikuwa lake.

Wakati huo mama alikuwa ameshavunjika nyonga, na akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Kijijini hapakuwa na mahali pa kumtunza, wakampeleka kusini, Ottawa, kwenye nyumba ya wazee ambako hakuna aliyejua lugha yake ila mzee mmoja wa kijiji kingine, naye kiziwi. Wanampa kuku wa kuchemsha. Mama yangu, aliyekula samaki mbichi wa kuganda tangu hajaota meno mpaka meno yalipokwisha, wanampa kuku na viazi.

Mimi ndiye ninayeendesha redio ya kijiji. Natangaza nani kapoteza glavu, nani ana nyama ya kugawa, na mchezo wa bingo. Elijasi alikuja kwenye redio yangu wakati wa kampeni, amevaa kizibao cha ngozi ya sili alichoshonewa na mama, mishono midogo kabisa, kwa sababu alikuwa anamshonea baba yake. Akashika maikrofoni, akasema:

"Mimi Tulimaq nasema, binti yangu Ulayuk hatafia kwa wageni. Zahanati ya zamani ipo pale, tupu. Nitaifanya nyumba ya wazee. Binti yangu atalala kitanda cha dirishani, awe anaiona bahari."

Kijiji kizima kililia, na mimi nililia. Nikimkumbuka alivyoniangalia kuona kama chozi limetoka, natamani nimpige kofi.

Akashinda. Wanawake wa hapa wakaanza kushona mapazia ya ile zahanati, ya buluu, yenye ndege weupe chini. Wawili walikuwa wameshasomea kutunza wazee. Kilichobaki ni mbunge kusimama bungeni bajeti ikijadiliwa, aseme neno. Kila Jumapili mama alikuwa akinipigia simu, na swali lake lilikuwa lile lile.

"Baba amesemaje?"

"Analishughulikia, mama."

"Basi akisema, amesema," alikuwa akinijibu, na unasikia kabisa kwamba anatabasamu.

Siku ya bajeti nilirusha bunge moja kwa moja, na watu walifungulia redio mpaka dukani. Elijasi akasimama. Akampongeza mke wake kwa kutimiza miaka hamsini. Akaipongeza timu yetu ya mpira wa magongo kwa kucheza kwa nidhamu, timu ambayo ilikuwa imefungwa mechi zote. Akasimulia sili wake wa kwanza. Akamshukuru Spika, akaketi. Nyumba ya wazee hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Tulikuja kuelewa baadaye. Wabunge wenyewe ndio wanaochagua mawaziri miongoni mwao, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Elijasi alitaka wenzake wamwone mtu mpole, asiyesumbua bajeti ya mtu. Kiti hicho hakukipata. Hata kwa unafiki hakuwa hodari.

Zahanati ya zamani ilifunguliwa kweli. Ikawa ofisi yake ya jimbo. Akaweka kiti cha kuzunguka, akatundika ukutani ngozi ya dubu aliyonunua, na kwenye dirisha linalotazama bahari akatundika yale mapazia ya buluu. Wanawake walioyashona walikuwa wakiyaona kila wakienda dukani. Mmoja aliwahi kugonga akayadai. Mbunge akamwambia yanapendeza sana, ahsante.

Mwezi wa Aprili, uchaguzi ukiwa umebakiza miezi michache, akaja tena kwenye redio. Kizibao kile kile.

"Mjukuu wangu Miali," aliniambia akijipachika hedifoni, "leo uniulize maswali mazuri, ee? Usiniletee mambo ya gari la maji."

"Sawa, babu."

Nilimuuliza nyumba ya wazee imefikia wapi.

"Swali zuri sana hilo. Suala hilo tunalo mezani. Kuna mchakato. Tunazungumza na wadau."

"Wadau gani, babu? Wadau si sisi?"

"Wadau wote."

Simu ikalia. Alikuwa mzee Qamaniq, ambaye akifungua mdomo hata watoto wanaacha kutafuna.

"Tulimaq, hiyo ofisi yako ina vyumba vingapi?"

"Mzee wangu, ni ofisi ya wananchi hiyo."

"Mimi mwananchi. Nikija na godoro langu leo, nalala wapi?"

Elijasi akacheka kile kicheko chake cha mikutano, akaniashiria nikate. Sikukata. Qamaniq mwenyewe ndiye aliyekata, na papo hapo simu ikalia tena. Sauti ya kigeni ya muuguzi ikasema subiri, halafu nikasikia mtu anapumua. Nilimjua kwa pumzi. Nilikuwa nimemwambia Jumapili kwamba babu atakuja redioni.

"Mama?"

"Nipo. Yupo?"

Elijasi aliruka kwenye maikrofoni kabla sijajibu. Aliona kura, sijui aliona nini kingine. "Binti yangu Ulayuk! Binti yangu mzuri! Unaendeleaje huko?"

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mimi, baba yako! Tulimaq!"

Nilidhani akili yake imeondoka tena, nikaanza kuona aibu kwa ajili yake. Lakini mama alizungumza taratibu, kila neno mahali pake, na kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Hapana. Baba yangu aliambiwa mwache huyo, ni mbwa tu, na hakumwacha. Mimi nimekaa huku nangoja. Nilisema baba hawezi kuniacha kwenye barafu. Hajawahi. Kumbe nilikuwa namngoja mtu mwingine. Wewe unaitwa Elijasi. Nilikupa ini bure."

"Binti yangu, umechoka, hiyo ni—"

"Miali," mama akasema, "yule mbwa wako amezaa?"

"Amezaa, mama. Wanne."

"Kuna dume?"

"Yupo mmoja. Mweusi, ana doa kifuani."

"Huyo ndiye Tulimaq. Nikirudi nitamwita baba. Mheshimiwa, ahsante kwa kunisikiliza." Na simu ikakatika.

Sijawahi kusikia mtu wetu akinyang'anywa jina. Kumpa mbwa jina la marehemu si tusi, wazee walikuwa wakifanya hivyo kwa mbwa waliowapenda. Tusi lilikuwa lile neno la mwisho. Hapa hatuitani vyeo. Kila mtu ni binamu, ni shangazi, ni mama mkwe wa mtu fulani aliyekufa, na ukimkosea mtu kabisa bado atakuita kwa undugu wenu huku anakutukana. Mheshimiwa ni neno la wageni wanaoshuka kwenye ndege na mikoba.

Simu ziliendelea mchana kutwa. "Habari, Mheshimiwa." "Nina swali, Mheshimiwa." Hata shemeji zake. Alitoka jasho mpaka kizibao kikaanza kunuka sili.

Mama alirudi Septemba, ndani ya sanduku, pamoja na mizigo ya duka. Katoni za soda zilishushwa kwanza kwa sababu zilikuwa juu yake. Tulisimama kwenye kokoto za uwanja wa ndege, upepo unatupiga, na sikuweza hata kulia kwa hasira niliyokuwa nayo. Alikuwa ameomba kitanda kimoja. Dirisha lilikuwepo, mapazia yalikuwepo, na hilo lijitu lilikuwa limekaa mle linazungushwa na kiti.

Naye alikuja. Bila shaka alikuja, fomu za kugombea zilikuwa zinatoka wiki ile. Kizibao, miwani, sura ameikunja ya msiba. Wanaume walipojipanga kubeba, akasogea mbele.

"Nitashika kichwani," alisema. "Mimi ndiye baba yake."

Pale pale yule mbwa wangu mweusi, amekua mkubwa na mjinga, akaingia chini ya ndege kunusa magurudumu, na rubani akapiga kelele. Nikamwita kwa nguvu zangu zote.

"Tulimaq!"

"Nipo, mjukuu wangu," Elijasi akaitika, akapiga hatua kuja kwangu, mikono ameinyoosha.

Mbwa akatoka chini ya ndege mbio, akampita ubavuni, akaja akakaa miguuni kwangu.

"Si wewe, Mheshimiwa," mzee Qamaniq alimwambia, kwa upole kabisa, kama unavyomwelekeza mgeni. "Hebu sogea, watu wabebe."

Akasogea. Tukamwinua mama, tukaenda naye nyumbani, na Tulimaq akatangulia mbele.