Meneja na King'ora cha Saa Saba

Mke wangu ni mbishi. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana bila ubishi wake tusingekuwa na Meneja leo.

Meneja ni mtoto wa mbwa. Tulimpa jina hilo kwa sababu alilala mchana kutwa na akiamka analalamika. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, natoka alfajiri narudi jioni. Mke wangu anashona mashati kiwandani, saa ni zile zile. Meneja akibaki peke yake anakojoa popote anapojisikia: kwenye mkeka, kwenye mfuko wa unga, ndani ya kiatu changu. Siku moja mkojo ulipita kwenye nyufa za sakafu ukamdondokea mama mwenye nyumba, anayekaa chini yetu, akiwa anakunywa chai.

Alipanda ngazi taratibu. "Wanangu, nimevumilia vya kutosha. Siku ya mwisho ya mwezi nitaingia na ufunguo wangu mchana, mkiwa kazini. Nikikuta hata tone, mbwa anaondoka."

Nikamwambia mke wangu tumrudishe tu alikotoka. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Kwani wewe ulijua choo kwa siku moja?"

King'ora cha kiwanda chao kinasikika mpaka kwetu. Saa saba kamili kinalia, wanapewa nusu saa ya kula. Tangu siku ile, kikilia tu, mke wangu huyo mbio. Dakika kumi za kuja, anambeba Meneja mpaka kwenye mchanga uani, anamsubiri, anamsifu kana kwamba kafaulu mtihani, dakika kumi za kurudi. Chakula hakigusi. Mvua inyeshe, jua liwake, anakuja. Na mimi wakati huo nimekaa karakana natafuna kwa raha zangu. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mwisho ya mwezi umeme ulikatika tangu asubuhi. Nikasubiri weee, mwisho nikafunga karakana, nikafika nyumbani saa nane kasoro. Nikamkuta mama mwenye nyumba uani na Meneja mbele yake.

"Chumbani hakuna tone," akasema. "Nilimkuta mlangoni anatetemeka. Nimemleta hapa, hataki. Robo saa nzima ananitazama tu. Anaumwa?"

Nikaangalia ile miguu midogo ilivyobanana. "Anasubiri king'ora, mama. Leo hakuna umeme, hakijalia."

Nikamweleza yote, mpaka habari ya chakula. Kisha mama huyu, ambaye hata paka hajawahi kumfokea, akakaza mtandio, akatazama kulia na kushoto, akainua kidevu akalia, "Uuuuuuu!" Madirisha mawili ya jirani yakafunguka. Meneja akachuchumaa, akakojoa mpaka nikasikia nafuu mimi.

Hapo mke wangu akatokea kwenye kona anakimbia, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Kiwandani jenereta iliendesha mashine bila king'ora, na msimamizi akajifanya hajui saa.

"Wametuchelewesha," akasema akihema. "Amekojoa ndani? Niambieni ukweli."

"Amekojoa panapotakiwa," mama mwenye nyumba akamjibu. "Mara ya mwisho kula mchana ni lini, mwanangu?"

Mke wangu akaanza kubandua nyuzi kwenye gauni.

"Kuanzia kesho ikifika saa saba, kaa ule. Huku niachie mimi, king'ora kilie kisilie."

Mke wangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu, alikaa kwenye ngazi akalia. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano arudi kazini. Nikapanda juu haraka nikamletea chakula, nikamshikia sahani mpaka akamaliza.