Gari la Mahari

Jamani, kuna wanaume wakipewa usukani tu, akili wanaiacha gereji. Luhaga wa Sola alikuwa mmoja wao. Ndaki wa Bariadi mjini alikuwa mwenzake. Na mkosi wa Milembe ni kwamba wa kwanza alikuwa kaka yake, tumbo moja, na wa pili ndiye mchumba wake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walipomwagika vijijini, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja akimwita mkulima mjomba. Vijana waliopata kazi ya ukarani kwa wanunuzi hao walishikwa na wazimu mpya. Wakauza ng'ombe walioachiwa na baba zao, wakaenda Mwanza, wakarudi na vigari vifupi vya milango mitatu, vimekatwa nyuma kama mkate uliogawanywa. Watu waliviita vibutu. Kibutu hakibebi gunia, hakipandi tuta, hakina nafasi ya kumlaza mgonjwa, lakini kikikanyagwa mafuta kinaruka kama kimechomwa sindano, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Haya, wakafurahi.

Luhaga alikuwa na chekundu, Mjapani. Ndaki alikuwa na cheupe, Mjerumani. Mwaka mzima walikuwa wakikutana Jumamosi kwenye gereji moja karibu na stendi ya Bariadi na kutoleana maneno ya kashfa. Mjapani ni bati la kopo, ukiliegemea linabonyea. Mjerumani ni mgonjwa wa kudumu, kila mwezi anataka dawa, na dawa yenyewe haiuzwi hapa. Ilianza kama utani, ikageuka chuki, na mwisho hawakusalimiana. Kila mmoja alikuwa ameuza ng'ombe wa ukoo, na hakuna aliyekuwa tayari kusikia kwamba alibadilisha mali kwa upuuzi.

Milembe hakujali Mjapani wala Mjerumani. Alikuwa na jambo lake moja. Alikuwa amezalia nyumbani binti, Goodness, na tangu baba yao afariki, Luhaga alikuwa akiwahesabu kila walipokaa kula. "Watu wanaolewa wanaenda kwao," alisema, sufuria ikiwa bado mezani. Wachumba wawili walikuja kabla ya Ndaki, na wote walimtaka mama bila mtoto. Ndaki peke yake ndiye aliyesema, "Nawachukua wote wawili. Mtoto ni mtoto." Kwa neno hilo Milembe alimpenda mpaka akawa anacheka peke yake shambani, akichuma pamba. Hakutaka kingine duniani ila kutoka katika nyumba ile, mkono wa Goodness ukiwa ndani ya mkono wake, kwenda kwa mtu aliyewataka.

Basi siku ya mahari ikafika. Ndaki alikuja na mshenga wake, Januarius, mtu mpole wa kanisani anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Walikuja na kibutu cheupe kilichooshwa kinang'aa, ingawa vumbi la njiani lilikwisha kukipaka unga mpaka madirishani.

"Mwadila," Januarius akasalimia.

"Mwadila," akaitikia Mzee Mhoja, baba mdogo wa Milembe, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani pale kwa mambo kama hayo. Viti vikatolewa uani. Milembe alikuwa jikoni na mama yake, Apolonia, wakipika wali na nyama, na ukuta wa jiko lile ulikuwa mfupi, haufiki paa, kila neno la uani lilipita juu yake.

Januarius akazunguka kwa maneno mengi, mwisho akafika. Kijana hana ng'ombe wa kutosha. Anao wachache wanaolishwa na shangazi yake Lingeka, na hao atawaleta. Kwa wale waliopungua, anatoa gari.

Jikoni, Apolonia akaacha kukoroga.

"Gari," akasema Mzee Mhoja polepole. "Gari ni mali, siwezi kukataa. Lakini mali ikiingia kwa mahari inakaguliwa. Ng'ombe tunamtazama meno, tunamtazama kwato, tunataja kasoro zake mbele ya mwenyewe, mwenyewe anamtetea, tunaelewana. Na hili tutalikagua vivyo hivyo. Mimi sijui gari. Luhaga anajua. Luhaga, kagua."

Mzee Mhoja alikuwa mtu wa haki, lakini siku hiyo alikosea. Katika Sola nzima asingeweza kupata mtu mbaya zaidi wa kumpa kazi ile. Milembe aliposikia tu jina la kaka yake, aliusogelea ukuta asikie vizuri.

Luhaga aliinuka bila haraka, kama hakimu. Akakizunguka kibutu cheupe. Akapiga tairi teke.

"Rangi hii imepakwa mara ya pili."

"Rangi ni ya kiwandani," Ndaki akasema.

"Kiwanda cha wapi? Cha pale stendi?" Luhaga akachuchumaa. "Ona tumbo. Linalamba ardhi! Gari la kupita lami hili, na lami iko wapi hapa? Ukilipitisha kwenye mbuga siku ya mvua, utalitoa kwa majembe."

"Limelala chini ili lishike barabara. Hili kwenye kona halitikisiki. Wewe utajuaje, lako kwenye kona linainua mguu kama mbwa anayekojoa."

Mzee mmoja wa jirani akacheka. Luhaga hakucheka. Akafungua boneti, akaingiza kichwa, akatoka na kidole cheusi, akakionyesha watu wote.

"Linavuja oili! Mzee, ndiyo haya matunzo? Ng'ombe anayeharisha huyu!"

"Linatoa jasho tu. Injini yenye nguvu lazima itoe jasho. Ile cherehani yako ndiyo haina jasho."

"Cherehani? Mjapani wangu ana turbo!"

"Turbo! Inakohoa kuliko bibi yangu, Mungu amrehemu. Unakanyaga leo, inaitika kesho."

Nyuma ya ukuta wa jiko Milembe alikuwa akiomba kimoyomoyo, Ndaki nyamaza, mwache aseme, akimaliza atachoka. Kwa ng'ombe ndivyo inavyokuwa. Wenye binti wanatukana ng'ombe, mwenye ng'ombe anachekacheka na kukuna kichwa, watu wanakula. Kila mtu anajua kwamba matusi yale ni adabu. Lakini Ndaki hakuwa anachunga ng'ombe siku ile, alikuwa anachunga kibutu, na kibutu chake kikitukanwa alikuwa anaumwa kweli, mishipa ya shingo inamsimama.

Januarius akajaribu. "Vijana wangu, tuseme basi lina kasoro ndogo ndogo..."

"Halina kasoro!" Ndaki akamkatiza mshenga wake mwenyewe.

"Tusome kilometa," Luhaga akasema. Akaingia ndani ya gari, akainamia dashibodi, akapiga mluzi. "Hee! Hee, wazee! Hili limezunguka dunia hili! Na hizi ni zile zilizobaki baada ya kurudishwa nyuma. Hili limechoka. Wamelitumia huko wee, walipolichoka wakatupa, huyu akaokota, sasa anatuletea sisi. Mzee Mhoja, mtoto wetu ni wa kutolewa kwa kitu kilichochokwa na wenzetu?"

Hapo Ndaki akalipuka.

"Kilometa, kilometa! Mbona mimi sijauliza? Huyo aliye jikoni ninamchukua ameshatembea, na mzigo wake ameshaushusha, mimi nimenyamaza kama mtu mwenye adabu! Nimesoma kilometa za mtu mimi? Halafu anayenikagua ni nani? Mwenye Mjapani aliyenyooshwa chesisi kwa nyundo!"

Mwiko ukamtoka Apolonia mkononi.

Milembe alisimama palepale alipokuwa. Maneno yale hayakumfika mara moja, yalimfika kidogo kidogo, na kila lilipofika moja aliungua upya. Aliona aibu mbele ya mama yake. Aliona aibu zaidi kwa kukumbuka alivyokuwa akicheka peke yake shambani.

Kisha akasikia kiti kinaanguka, na sauti ya kaka yake.

"Umesema nini? Ndaki, umesema nini? Rudia!"

Alichungulia juu ya ukuta. Luhaga alikuwa amemkaba Ndaki ukosi wa shati, macho yamemtoka. Na Milembe, pamoja na uchungu wote ule, alihisi kitu kinafunguka kifuani. Kwa maneno yake yote ya mezani, kwa kuwahesabu kwake kote, huyu ni kaka yake bado. Damu ni damu. Amesikia dada yake anatukanwa, amesimama.

"Rudia mbele ya wazee!" Luhaga akapiga kelele. "Nani amenyoosha chesisi kwa nyundo?"

Milembe akashika ukuta.

"Twende!" Luhaga alikuwa sasa anamburuta mgeni kuelekea kwenye kibutu chekundu kilichoegeshwa kivulini. "Twende unionyeshe palipopigwa nyundo! Lala chini utazame! Lala! Ukiona alama moja, moja tu, nakupa gari bure!"

Na Ndaki, mtu mzima aliyevaa suruali ya kuposa, akalala kwenye vumbi, akaingiza kichwa chini ya gari. Luhaga akalala upande wa pili. Miguu minne ikabaki nje. Walisikika huko chini wakibishana juu ya alama fulani, mmoja anasema ni kutu, mwingine anasema ni kulehemu. La Milembe hakuna aliyelitaja.

Mzee Mhoja ndiye aliyekuwa na haya. Alikaa akitazama fimbo yake, mpaka wale wawili walipotoka chini ya gari na kujipangusa, bado wakitupiana maneno. Akataka kuokoa siku. Akamwita binti.

Katika ukoo ule mahari haifungwi mpaka binti aitwe mbele ya watu, aulizwe kama anamfahamu mgeni. Akisema namfahamu, yamekwisha, watu wanashangilia na chakula kinaletwa. Ni swali la kupita tu, hakuna aliyekumbuka binti aliyewahi kulijibu vingine.

Milembe akatoka. Hakujifuta moshi usoni, wala hakupiga goti.

"Mwanangu," Mzee Mhoja akasema kwa upole, "mtu huyu, Ndaki, unamfahamu?"

Ndaki akatabasamu, vumbi likiwa kwenye nyusi. Mungu wangu, alitabasamu! Kwake yeye lile lilikuwa neno la ugomvi wa magari, lilikwisha palepale.

"Simfahamu," Milembe akasema.

Januarius akacheka kwa wasiwasi, akidhani ni haya ya bi harusi. Mzee Mhoja hakucheka. Akauliza tena.

"Baba, simfahamu. Nilimfahamu mmoja aliyesema mtoto ni mtoto. Huyu anayesoma watu kilometa simfahamu."

"Milembe!" Ndaki akapiga hatua. "Milembe, zilikuwa hasira tu, alinichokoza yeye, wewe unajua..."

"Wewe mwanamke!" Luhaga akafoka. "Unatuaibisha mbele ya wageni! Unadhani atakuja nani mwingine kukuchukua na hilo toto lako?"

Mzee Mhoja akainua fimbo kumnyamazisha. Kisha, sijui kwa hasira au kwa huruma, akauliza swali ambalo halimo katika desturi yoyote. Akaielekeza fimbo kwa Luhaga.

"Na huyu, Milembe? Huyu unamfahamu?"

Milembe alimtazama kaka yake. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka Luhaga akageuza uso.

"Huyu ni mwenye Mjapani," akasema.

Akarudi jikoni. Mama yake alikuwa amekaa chini kando ya jiko, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Sasa tutaishi wapi, mayu?" Apolonia akamwuliza, akimwita binti yake mama. Na kwa mara ya kwanza alijihesabu na yeye pamoja nao.

"Sijui," Milembe akasema. Akakaa karibu yake, na hapo ndipo alipolia.